Aliyeungama Nyuma ya Blanketi

Ilianza na harufu ya ubani. Padri Ermes Zanier alikuwa ameketi juu ya sanduku la risasi, stola, utepe wa kipadri, shingoni, nyuma ya blanketi alilotundika ili askari wapate faragha ya kuungama. Ubani utoke wapi? Theluji ilikuwa imeporomoka mlimani na kuziba mlango wa handaki lao. Ndani walibaki na polenta, ugali wao wa mahindi, iliyoganda, taa moja ya mafuta, na matumaini kwamba wenzao wa nje wanachimba.

Mtu akapiga magoti upande wa pili.

"Nibariki, Padri."

"Sema, mwanangu."

"Bepi nitamziba pumzi akilala."

"Hiyo si toba, ni uovu unaoupanga. Siwezi kukuondolea dhambi."

"Nani kakuomba? Wewe sikia tu."

Padri akafunua blanketi. Hapakuwa na mtu, na vumbi la chini halikuwa na alama ya goti.

Sasa angefanya nini? Tangu vita vianze alikuwa radhi akatwe ulimi kuliko kutoa siri ya maungamo, na ndiyo maana hata watukanaji wakubwa wa kikosi walimmwagia ya moyoni. Akanyamaza. Bepi, mpishi aliyekuwa akiwatania wote, hakuamka tena. Midomo yake ilikuwa ya bluu.

"Ni hewa tu," akasema Sajini Dorigo, lakini kwa kunong'ona.

Ubani ukarudi, mzito kuliko mwanzo. "Anayefuata ni Tita, Padri. Na wewe huna mdomo."

Tita Morassut alikuwa mtu wa kijijini kwake, na binti yake mdogo alibatizwa na Padri huyu huyu. Padri akaenda kukaa karibu naye, akamshika mkono, akaanza rozari kimoyomoyo, akapotea njiani, akaanza tena, huku taa ikififia na kuta za barafu zikilia kwa ndani na ile harufu ikimpanda kooni, mpaka akaona kope za Tita zinashuka na kifua chake kinakawia kuinuka, kinakawia zaidi, kisha hakiinuki kabisa.

"Tita! Usilale! Atakuua!"

Tita akazinduka, akikohoa. "Nani?"

"Sijui ni nani! Alikuja kuungama, akasema..."

Akajiziba mdomo. Mimi simlaumu, maana ni nani angekaa kimya? Lakini handaki zima lilikuwa limesikia.

"Kumbe," Dorigo akasema taratibu. "Na yale yangu umeshamsimulia nani?"

"Sajini, yule hakuwa mtu! Naapa!"

"Sisi sote tuliokuja nyuma ya blanketi lako ni watu, Padri."

Wakajisogeza mbali naye, mmoja mmoja. Sikioni mwake sauti ikacheka kidogo. "Bepi alikuwa chambo tu. Nilikuwa nataka mdomo wako ufunguke."

Hewa ikazidi kuwa nyembamba. Padri akatambaa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, akilia, akiwasihi waungame kabla hawajafa. Hakuna aliyemjibu. Mwisho akamfikia Tita, akainamisha sikio hadi kwenye midomo yake.

"Mwanangu, neno moja tu. Nong'ona."

Tita alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akageukia ukutani, akauma meno, akafa hivyo hivyo.