Kizibo cha Pikipiki ya Cheche

Kila siku saa kumi jioni, mtaa mzima ulikunja uso. Huo ndio wakati Cheche alipotoka shule, akavua sare, akaosha vyombo vya mchana harakaharaka huku povu likibaki kwenye vikombe, kisha akaitoa pikipiki yake bandani. Kabla hajapiga kiki kuiwasha, kinyozi wa kona alikuwa ameshapandisha sauti ya redio, na bibi wa nyumba ya pili alikuwa ameshafunga madirisha kwa kishindo ili kila mtu ajue kwamba amekasirika.

Cheche lilikuwa jina la utani. Alipewa na baba yake, fundi wa pikipiki, kwa sababu binti huyo wa miaka kumi na miwili aliwaka upesi. Pikipiki yenyewe ilikuwa ndogo, ya kimo cha mtoto, yenye matairi ya meno ya kukanyagia vumbi. Waliiunda wao wawili kwa mwaka mzima: injini kutoka huku, usukani kutoka kule, na kiti walichokishona kwa kipande cha turubai. Cheche aliipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Aliiendesha kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya zahanati, kofia ngumu kichwani, na kwa miezi mingi hakuna aliyelalamika.

Balaa lilianza baba aliposafiri kufuata vipuri. Binamu yake Cheche, mvulana wa rika lake aliyeitwa Mjuaji kwa kuwa hakuna alilokubali kwamba halijui, alichungulia nyuma ya pikipiki akatikisa kichwa.

"Hii imezibwa pua," alisema. "Mle ndani ya ekzosi kuna kizibo. Kitoe uone itakavyopumua. Itakimbia mpaka uogope!"

Kizibo kilikuwa kijibomba kifupi chenye matundu mdomoni mwa ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, kazi yake kupunguza sauti. Kilishikwa na skrubu moja tu. Cheche alikitoa. Pikipiki haikuongeza mwendo hata kidogo. Iliongeza kelele tu. Lakini kelele ile ilimpendeza. Ilimfanya ajione mkubwa, mtu wa kupishwa njia. Akakificha kizibo ndani ya buti la mvua, chini ya kitanda.

Baba aliporudi, aliisikia pikipiki akiwa bado njia panda, begi begani. Hakwenda nyumbani. Alinyoosha moja kwa moja hadi uwanjani, na huko akamkuta Mama Mkunga wa zahanati amesimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akimzuia Cheche kupita.

"Afadhali umekuja, fundi!" Mama Mkunga alisema. "Siku tisa nimemwomba mtoto huyu kwa upole. Siku tisa! Upole umeniishia. Masikio yake ni ya kuvalia hereni tu."

Cheche naye alikuja juu. "Mbona kinyozi anafungulia redio hamumsemi? Kila mtu ananionea mimi tu! Sauti ni sauti!"

"Shikamoo hakuna, adabu hakuna, ila majibu yapo," Mama Mkunga alisema.

Baba alichuchumaa, akaingiza kidole kwenye mdomo wa ekzosi, akakitoa kimejaa masizi.

"Kizibo kiko wapi?"

"Kilianguka, baba. Uwanja una mashimo. Kilichomoka chenyewe."

Baba alipapasa tundu la skrubu. Alikuwa fundi kwa miaka ishirini, akijua kinachoanguka na kisichoanguka. Lakini hakutaka kumwita binti yake mwongo mbele ya watu. Alifuta kidole kwenye suruali, na sauti ilipotoka ilikuwa ya chini, ile ambayo Cheche aliiogopa kuliko makelele.

"Sawa. Leo Jumatatu. Mpaka Ijumaa jioni pikipiki hii iwe imenyamaza. Isiponyamaza, naifungua nati moja moja, kila kipande nakitia kwenye pikipiki za watu. Na mimi sikusaidii. Aliyekiangusha kizibo ndiye atakayekiokota."

Usiku ule Cheche alilala amenuna. Alimkasirikia Mama Mkunga kwa kushtaki, akamkasirikia baba kwa kumwamini jirani, akamkasirikia hata Mjuaji kwa kuleta maneno. Kizibo kilikuwa pale pale chini ya kitanda chake. Angeweza kukirudisha kwa dakika tano. Lakini akikirudisha na kusema amekiokota uwanjani, baba angeona mara moja kwamba hakina hata mkwaruzo. Uongo wake ulikuwa umemfungia mlango wa pekee uliokuwa wazi, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi ya yote.

Jumatano Mjuaji alifika na furushi kwapani. Lilikuwa sponji la godoro lililochanika.

"Dawa ya sauti ni hii," alisema. "Umewahi kusikia godoro likipiga kelele?"

Walikatakata sponji vipande, wakavisukumiza ndani ya ekzosi kwa mpini wa ufagio. Cheche akapiga kiki. Kweli bwana! Pikipiki iligugumia kwa chini, kama mtu anayesema huku amefunikwa blanketi. Mjuaji alirukaruka kwa furaha. Cheche alivaa kofia, akazunguka uwanja mara moja, akazunguka mara ya pili. Mara ya tatu pikipiki ilianza kukohoa. Moshi mweusi ukatoka nyuma, na harufu ya kuungua ikamfuata. Akiwa karibu na uzio wa zahanati injini ilikwama, ikapiga mlio mmoja, "Pwaa!", na donge la sponji linalowaka likaruka kutoka kwenye ekzosi, likapita juu ya uzio na kutua kwenye kamba ya nguo.

Kwenye kamba ile yalikuwa yameanikwa mashuka ya zahanati, meupe, yamefuliwa asubuhi hiyo.

Mama Mkunga alitoka mbio na ndoo ya maji. Alizima moto kwa mwago mmoja, lakini shuka la mwisho lilikuwa limeshatoboka tundu la ukubwa wa sahani. Akaliangalia tundu lile. Kisha akamwangalia Cheche.

"Ingia ndani," Mama Mkunga alisema.

"Mama, mimi sikukusudia..."

"Nimesema ingia! Nawa mikono pale, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko."

Ndani ya chumba, mama mjamzito, muuza mboga wa mtaa wa pili, alikuwa amelala kitandani akisubiri kupimwa. Uso wake nao haukuwa wa mchezo.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye. Unaniruhusu nimsikilizishe?"

"Mwache asikie. Labda atapata akili."

Mama Mkunga alichukua koni ndogo ya mbao, akaweka mdomo mpana kwenye tumbo la yule mama, akamwonyesha Cheche pa kuweka sikio. "Usiishike kwa mkono. Tulia. Usipumue kwa nguvu."

Mwanzoni Cheche hakusikia kitu. Kisha, mbali kabisa, akakisikia: tik-tik-tik-tik, kidogo, cha haraka, kama saa iliyofunikwa kwa mto. Alisahau kwamba alikuwa amekasirika.

"Ni moyo wake?" alinong'ona.

"Ni moyo wake. Mapigo yakienda polepole mno, najua yuko taabuni, na mama anakimbizwa hospitali kubwa. Mimi hapa sina mashine, nina sikio tu. Na wewe nilikusikiliza hivyo hivyo, kwa koni hii hii, mama yako akiwa amelala kitanda hiki. Siku ile uwanja ulikuwa kimya."

Cheche alifumba macho ili asikie vizuri zaidi. Tik-tik-tik-tik.

Ghafla ukuta ulitetemeka. Huko nje Mjuaji alikuwa amekwangua sponji lililobaki, akaiwasha pikipiki tupu, na sasa alikuwa akiipiga resi kwa fujo. Ule moyo mdogo ukapotea. Cheche alikandamiza sikio kwenye koni. Wapi! Hakuna kitu ila ngurumo.

"Mama, nimempoteza! Simsikii!"

"Mimi nampoteza kila siku saa kumi," Mama Mkunga alisema. "Kina mama hawa wanafanya kazi asubuhi, wanaweza kuja jioni tu. Ndiyo maana nilikuomba siku tisa."

Cheche alitoka nje kwa kasi, miguu haigusi ardhi. "Zima!" alipiga kelele. "Zima hiyo takataka! Zima!" Mjuaji alipozubaa, Cheche alimfikia, akazima mwenyewe. Hasira aliyokuwa nayo siku zile zote sasa ilikuwa imegeuka na kumtazama yeye mwenyewe.

Aliisukuma pikipiki mpaka nyumbani, akachomoa buti chini ya kitanda, akaisukuma tena hadi gereji. Baba alikuwa ameinamia injini ya mteja. Cheche aliweka kizibo juu ya meza, kati ya spana.

"Shikamoo, baba. Hakikuanguka. Nilikitoa mimi mwenyewe, nikakificha. Nikakudanganya."

"Najua," baba alisema bila kuinua kichwa. "Nilijua tangu Jumatatu. Tundu la skrubu lilikuwa zima. Kitu kikichomoka kwa nguvu huacha kidonda."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungojea useme wewe!" Sasa baba alisimama, na hasira yake ikatoka yote. Alisema juu ya shuka lililoungua, habari iliyokuwa imeshamfikia kabla ya binti. Alisema juu ya sponji, ambalo lingeweza kumchoma mguu. Alisema juu ya Mama Mkunga kusimama juani akimbembeleza mtoto. Cheche aliyapokea yote, machozi yakimtoka. Baba alipomaliza alivuta pumzi, akakokota kigoda kwa mguu.

"Kaa hapa. Leta bisibisi."

Walifungua ekzosi. Baba alimwonyesha bomba la ndani lenye matundu, na jinsi linavyoviringishiwa sufi maalumu isiyoshika moto, ambayo yao ilikuwa imekwisha. Waliviringisha mpya, kwa glavu, bila kubana sana wala kulegeza sana. Wakabadilisha gasketi, ile pete ya kuziba kiungo, iliyokuwa ikivujisha moshi kwenye injini. Mwisho Cheche alirudisha kizibo na kukaza skrubu kwa mkono wake mwenyewe.

Ijumaa jioni Mama Mkunga aliingia chumbani na muuza mboga, akafungua dirisha makusudi. Nje Cheche alipiga kiki. Pikipiki ilinguruma kwa adabu. Alizunguka uwanja mara tatu, macho yake kwenye dirisha lile. Mama Mkunga alikuwa ameinamia koni. Hakuinuka mara ya kwanza, wala ya pili. Mara ya tatu mkono wake ulitoka dirishani, dole gumba juu.

"Namsikia!" aliita. "Lakini usidhani nimesahau shuka langu."

Cheche alizima injini. Baba, aliyekuwa ameegemea uzio, alimwekea mkono begani.

"Umeona, mwanangu? Kelele tuliimaliza kwa jioni moja. Uongo ndio uliokuzuia usiimalize tangu Jumatatu, ukakutia kwenye sponji na moto. Ukikosea, njoo na kosa likiwa bado dogo. Na kitu unachokipenda, uliza kwanza kinamgharimu nini jirani. Kuanzia leo hutaiwasha pikipiki mpaka Mama Mkunga amalize kupima. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

Wiki mbili baadaye Cheche alikuwa ameketi kwenye ngazi ya zahanati, akishona kiraka cha mwisho kwenye shuka. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa kimya, ikisubiri zamu yake. Mara kutoka ndani, alikolazwa muuza mboga tangu asubuhi, ukapasuka mlio mkali, wa hasira, usio na haya hata kidogo. Cheche aliruka, sindano ikamchoma kidole. Mlango ukafunguliwa, na Mama Mkunga akasimama pale akijifuta jasho, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu balaa lianze.

"Umemsikia?" alisema. "Huyo peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kupiga kelele hapa."