Dada Yangu Alimnyima Baba Neno Siku ya Krismasi

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, Mkamba, na nauza mapazia River Road, kwenye msongamano na kelele za Nairobi. Kitambaa nakipima mara mbili kabla ya kushika mkasi. Mteja akiniambia "hiyo ndiyo bei yangu ya mwisho", mimi hujua ndiyo kwanza tumeanza. Sasa niambieni, mtu kama huyo analaghaiwaje na mdogo wake wa tumbo moja?

Kwetu Krismasi ina sheria moja. Baba, aliyekuwa katekista tangu tukiwa wadogo, husoma kwa Kikamba habari ya kuzaliwa kwa Yesu, kisha humwekea kila mtoto mkono kichwani na kumbariki. Kabla ya hapo hakuna anayeonja kitu. Hata mpishi haruhusiwi kulamba mwiko!

Mwaka jana ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla Baba macho. Kusoma alisoma kwa kukumbuka tu. Akasema anataka kuwabariki wajukuu wote pamoja, walau mara moja, kabla giza halijamfunga kabisa. Mdogo wangu Mwende, aliyeolewa na meneja na kuhamia Muthangari, mtaa wa wenye pesa, akajitolea kutukaribisha.

Tukapatana kwa simu. Mbuzi wangu, wali wake. Soda zangu, viti vyake. Hata vijiti vya meno tulivijadili! Kitu kimoja tu sikukitaja, kwa sababu kwetu hakitajwi... Neno litasomwa saa ngapi.

Tulipotoka kanisani na kufika kwake, nilikuta nusu ya ofisi ya mumewe. Chupa mezani, spika mlangoni, mti wa plastiki ukiwaka kama baa ya Westlands. Baba akaketishwa kando kwenye kiti cha jikoni, Biblia mapajani, akingoja kuitwa.

Hakuitwa.

Nikamfuata Mwende. "Baba amejidunga dawa ya sukari asubuhi, na unajua haonji kitu kabla ya kusoma. Zima hiyo muziki kidogo tu."

"Sista, tulia bana! Bosi wa mume wangu ndiyo ameingia. Unataka nimkalishe hapo asikize Kikamba?"

"Ni Krismasi, Mwende."

"Yesu amengoja miaka elfu mbili, atashindwa na nusu saa?"

Wageni wakacheka! Na yeye akacheka nao...

Nikampelekea Baba sahani. Akaisukuma. "Bado hatujasoma, mwanangu." Nikamletea soda. Akatikisa kichwa. Mtu amefundisha kijiji kizima kungoja Neno, wewe utamfundisha kutolingoja? Nikaenda kuzima spika mwenyewe. Shemeji akanishika mkono, akaniuliza kama nadhani hapa ni River Road.

Ndipo tukasikia kiti kikianguka.

Baba alikuwa sakafuni, jasho linamtiririka, macho yamegeuka. Wajukuu walipiga mayowe... na muziki bado unalia!

Hospitalini daktari alisema sukari ilikuwa imeshuka mno. Mwende alifika akinukia manukato, na neno lake la kwanza lilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu. Eti mgonjwa analetwa sherehe kwa nini?

Baba alizinduka mara moja tu. Akaniuliza kama amewabariki watoto. Ningesema nini, jamani? Nikamwambia ndiyo, Baba, wote. Akatabasamu, akalala. Hakuamka tena.

Matangani mimi na Mwende hatukuangaliana. Mchungaji wangu ananiambia nimsamehe. Nimemjibu kwamba mimi na Mungu bado tunapatana bei, na sijafika hata nusu.

Wasomaji wenzangu, msipite njia niliyopita! Kabla hujakubali mwaliko wa Krismasi, achana kwanza na habari za mbuzi na soda. Uliza nani atafungua Biblia, na lini. Ukiona mtu anababaika, baki kwako, hata kama ni chumba kimoja na chai ya rangi. Wakusanye watoto kabla sufuria haijafunuliwa, na mzee wako aseme analotaka kusema akiwa bado na pumzi.

Anayeona haya kumtaja Yesu mbele ya wageni, siku ya kuzaliwa kwake Yesu mwenyewe, huyo hajakualika Krismasi. Amekualika kula. Na kula, hata kibandani kunaliwa.