Ubavu wa Kivulini

Nzi-picha mia nne walitoka sandukuni kwa pamoja, wakaizunguka ndege nambari 794 kutoka puani hadi mkiani, na baada ya sekunde tisini walikuwa wamekwisha kurudi kujifungia. Kila mmoja alikuwa mdogo kama punje ya hindi, mwenye mbawa nne na kamera moja. Picha zao ziliingia kwenye mtambo ulioitwa Mwangazi, nao ukaziunganisha zikawa ndege nzima kiooni, ikijizungusha polepole ili mtu aione pande zote. Chini yake yakatokea maneno yaleyale ya kila siku: Ndege ni nzima. Shahidi aweke kidole.

Shahidi alikuwa Mwantumu Sempombe, mwanamke wa miaka hamsini na saba mwenye miguu iliyovimba na macho yaliyochoka kuliko miguu. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, naye alikuwa amekwisha kuweka kidole mara ishirini na tatu tangu saa kumi na mbili.

Katika Uwanja wa Kimataifa wa Lugongwe iliondoka ndege-ghala moja kila baada ya dakika kumi. Ndege hizo zilikuwa na injini sita na tumbo la kumeza malori arobaini, lakini hazikuwa na rubani wa damu na nyama. Zilijiendesha zenyewe. Mtu mmoja tu alisafiri ndani yake, msindikizaji, wa kuwanywesha ng'ombe maji au kuangalia chanjo zisipate joto. Kwa ajili ya huyo mmoja, sheria ilidai kwamba binadamu mwenye macho azitazame picha za ndege kabla haijaruka. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lugongwe, kidole kimoja kilirusha tani mia tatu angani.

Zamani Mwantumu alikuwa mpiga picha hasa. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye uzio na wenzake, kamera shingoni, wakizipiga ndege kubwa za mizigo zinapotua na kupaa, na picha zao zikapamba kalenda na kuta za ofisi. Walikuwa na mwiko wao mmoja: mpe jua mgongo. Asubuhi walisimama upande wa mashariki, jioni wakahamia magharibi, na ubavu wa kivulini haukupigwa na mtu. Mgeni akileta picha yenye kiza, Mwantumu mwenyewe ndiye aliyeifuta, tena kwa maneno makali. "Ndege hii au gunia la mkaa?" alizoea kuuliza, na watu walicheka.

Wataalamu walipoujenga Mwangazi, waliufundisha kuona kwa kutumia picha laki tatu za watu wa uzioni. Wapiga picha wakaagwa kwa keki. Mwantumu akabakizwa, akapewa kiti, na tangu hapo miaka miwili alikuwa akiangalia kioo. Mwanzo aliangalia kweli. Baadaye aliangalia nusunusu. Tusimlaumu mapema, ndege mia moja na arobaini na nne kwa siku, mashahidi wanne, na kila picha inasema nzima, nzima, nzima. Hata mlinzi wa peponi angesinzia.

Kidole chake cha gumba kilikuwa karibu kugusa kioo alipoona kiraka.

Alikijua kiraka kile. Miaka mitano nyuma tai aliigonga 794 ubavuni, mafundi wakabandika bati lenye umbo la pasi, na yeye akalipiga picha wiki ileile. Bati lilikuwa ubavu wa kulia. Leo lilikuwepo kulia, sawa. Ndege ilipojizungusha kiooni, lilikuwepo na kushoto.

Mwantumu aliirudisha picha mara tatu. Kisha akafungua kabati, akatoa kamera yake ya zamani na tochi, akateremka ngazi akijishika ukutani.

Ndege ilikuwa imeelekea kaskazini, jua likiwaka ubavu wake wa kulia. Alipita chini ya pua akaingia upande wa kushoto, mahali ambapo kwa miaka yote ile hakuwahi kusimama na kamera. Hapakuwa na kiraka. Palikuwa na weusi mtupu, na alipomulika pale bawa linapoungana na kiwiliwili aliona ufa. Ulianzia kwenye msumari mmoja ukaenda hadi mwingine, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Alipiga picha nne.

Saa nne na robo alikuwa ofisini kwa Injinia Kaduma, msimamizi wa zamu, kijana mpole wa miaka thelathini na minne.

"Shikamoo, mama. Mbona unahema hivyo? Keti kwanza."

"Marahaba. Tazama hii, baba." Alimwekea kamera mezani. "Mwangazi hauoni kivuli. Haujafundishwa. Ukikutana na ubavu wenye kiza unachukua ule wenye jua, unaugeuza, unaubandika upande wa pili. Halafu unatuambia ndege ni nzima."

Kaduma alizitazama picha zote nne, kisha akaanza upya. Hakuwa mjinga, alielewa upesi, na uso wake ukakauka.

"Nimeshaizuia 794," alisema. "Hiyo haiendi popote. Lakini hizo nyingine..."

"Ishirini na tatu ziko hewani. Zote nimezitia kidole mimi."

"Ndiyo maana nakwambia keti, mama." Alimmiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake. "Kuzirudisha zote ni kuufunga uwanja. Na wewe utaulizwa: ulitazama nini? Miaka miwili! Shahidi anayetia kidole bila kutazama anafungwa, unajua. Umebakiza miezi minne ustaafu. Ngoja niwapigie waliotengeneza mtambo, tupate jibu la uhakika. Haraka haraka haina baraka."

Sheria ilimpa shahidi uwezo wa kukiondoa kidole chake wakati wowote, bila ruhusa ya msimamizi, na ndege ikageuza palepale. Mwantumu alilijua hilo. Lakini kiti kilikuwa laini na chai ilikuwa ya moto, na miguu yake ilikuwa ikimshukuru. Alijiambia pengine nyingine zote ni nzima kweli. Akawaza gereza, akawaza binti yake akisoma jina la mama yake gazetini, na aibu ikamlaza kama dawa ya usingizi. Kaduma alipiga simu, akaambiwa asubiri, akapiga tena. Mwantumu alimaliza kikombe, akaongezewa cha pili.

Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo. Saa tano kasoro dakika kumi aliinuka.

"Waliotengeneza mtambo wasingeweza kukujibu," alisema. "Mwalimu wake ni mimi."

Kaduma hakumzuia. Mwantumu alirudi kwenye kioo chake na kuondoa kidole mara ishirini na tatu, moja baada ya nyingine, na kila mara mtambo ukauliza kwa adabu kama ana hakika.

Ndege zilianza kurudi. Zilitua mchana kutwa, na Mwantumu akazifuata kwa miguu, akiingia ubavu wa kivulini na tochi yake. Alikuta nyufa kwenye mbili. Mafundi walizizunguka hizo mbili, na mmoja wao akamletea kigoda akalie. Alikataa.

Saa kumi jioni msindikizaji mmoja aliteremka na nyasi za malisho zimemganda kwenye shati.

"Nani katurudisha? Nina ng'ombe sitini humo, wamesimama tangu asubuhi."

"Mimi, mwanangu. Pole."

"Umetuharibia siku, mama. Haki ya Mungu umetuharibia."

Mwantumu alifurahi kutukanwa. Aliona laiti wangekuja wote ishirini na tatu kumgombeza, mmoja mmoja, hadi jua litue.

Wakati huohuo Kaduma alikuja akitembea upesi, kibao cha kumbukumbu mkononi, na hakuweza kumtazama usoni.

"Zimetua ishirini na mbili," alisema. "Iliyobaki ni 611, ya vifaranga. Iliondoka saa moja na dakika kumi. Mnara wa kuongozea ndege ulidhani ni mawingu yanayozuia mawimbi yake. Sasa meli imeona bawa linaelea. Ishara ilikatika saa tano kasorobo."

Dakika tano kabla hajainuka kitini kwenda kuondoa kidole. Mwantumu hakuhitaji mtambo kumfanyia hesabu hiyo.

Kibao kiliwaka mkononi mwa Kaduma: Ndege 611, imepotea. Msindikizaji, mmoja. Shahidi aweke kidole kufunga kumbukumbu.

"Huyo mmoja ni nani?" aliuliza Mwantumu.

"Fomu haina nafasi ya jina, mama."

"611?" Yule msindikizaji wa ng'ombe alikuwa amesimama nyuma yao. Hasira yote ilikuwa imemtoka. "Ya vifaranga? Huyo ni Hizza. Hizza Shemdoe. Tumekunywa uji naye leo asubuhi." Akakaa chini, hapo hapo kwenye saruji, akashika kichwa.

Mwantumu alitaka kulia lakini machozi hayakuja. Alichukua kibao, akakirudisha kwa Kaduma bila kukitia kidole.

"Tafuta nafasi," alisema. "Andika Hizza Shemdoe. Chini yake andika: shahidi Mwantumu Sempombe alijua tangu saa nne, akakaa akinywa chai."