Akiba ya Kazi ya Tata Tshimanga

Kila asubuhi Tata Tshimanga anafuta vumbi. Mtu anayekaa Kolwezi, karibu na barabara ya malori ya madini, hahitaji kuelezwa habari za vumbi. Linapita chini ya mlango. Linaingia hata kwenye sukari. Tata Tshimanga anafuta meza, anafuta redio, anafuta picha ya mke wake, Rachelle. Mwisho anafuta kompyuta, polepole, kwa kitambaa kikavu. Kisha anakaa. Nyumba iko kimya, na siku bado ni ndefu.

Rachelle alifariki wakati wa mvua. Malaria ilimpanda kichwani, na kabla watu hawajajua la kufanya, alikuwa amekwenda. Watu walijaa kwenye matanga. Waliimba, walilia, walikula ugali wao, bukari, wakaenda zao. Ndivyo matanga yalivyo. Mtoto wao wa pekee, Gracien, alibaki kidogo, lakini naye alikuwa na kazi yake huko Kisenge. Kabla ya kuondoka, alimwachia baba yake kompyuta yake ya zamani.

"Tata, utabakia unafanya nini we peke?" Gracien aliuliza. "Humu nilitia programme moja. Itakuwa inakupatia kazi."

"Kazi ya nini?"

"Kazi ya kutafuta dawa ya malaria."

Tata Tshimanga alimtazama mwanawe kama mtu anayetaniwa. Yeye hakuwa daktari. Maisha yake yote alikuwa mtunza ghala wa kampuni ya madini, mpaka alipostaafishwa. Lakini Gracien hakuwa anatania. Alimweleza kwamba wataalamu wanaotafuta dawa wana hesabu nyingi mno. Mashine zao wenyewe hazitoshi. Kwa hiyo wanazikata hesabu hizo vipande vipande, na kila kipande wanakituma kwa mtu aliyejitolea, popote alipo duniani. Mashine ya mtu huyo inapiga hesabu. Ikimaliza, inarudisha jibu kwa njia ya mtandao, kisha inapokea kipande kingine.

"Na mi niko nafanya nini?"

"We unachunga mashini, Tata. Unaangalia kama iko natumika muzuri."

Kuchunga! Hilo neno alilielewa. Toka siku ile, mtu akimwuliza habari za uzee, Tata Tshimanga alijibu kwa kifua mbele: "Mi niko ku kazi." Na moyoni aliongeza maneno ambayo hakumwambia mtu. Ugonjwa ule ulimchukua Rachelle. Yeye sasa anaupiga mawe, hata kama ni mawe madogo.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Vipande vilikuja, vipande vilirudi. Lakini mtunza ghala ni mtunza ghala. Kwake yeye, rafu tupu ni aibu. Siku moja, akichungulia mipangilio ya programu, aliona mahali pa kuandika akiba: unataka kazi za siku ngapi zikae kwenye foleni? Pale palikuwa pameandikwa kidogo tu. Tata Tshimanga akaandika siku kumi, kwa sababu programu haikukubali zaidi ya hapo. Tena aliona kwamba mtu anaweza kuchagua vipande vifupi au virefu. Vifupi alividharau. Hiyo aliona ni kazi ya watoto. Akachagua virefu.

Mtandao ulikuwa mzuri siku ile, na foleni ikajaa. Tata Tshimanga alilala usingizi wa mtu tajiri.

Halafu umeme ukaanza visa vyake. Unakuja asubuhi, unaondoka mchana. Kesho hauji kabisa. Kompyuta ile betri yake ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo umeme ukiondoka, nayo inazimika hapo hapo. Ukirudi, kipande kirefu hakiendelei pale kilipokatika. Kinarudi nyuma, mpaka mahali programu ilipohifadhi hesabu mara ya mwisho. Tata Tshimanga aliona kazi ikipanda, ikishuka, ikipanda tena.

Baada ya wiki chache, maneno mekundu yalianza kuonekana: kimechelewa, kimechelewa, kimechelewa. Akiba yake yote ilikuwa inaharibika rafuni. Kisha likaja jambo baya zaidi. Wale wataalamu walianza kumpa kipande kimoja tu kwa siku.

Jambo hili Tata Tshimanga alikwisha kuliona. Kabla kampuni haijamwondoa, nayo ilianza kwa kumpunguzia kazi. Leo wanakunyang'anya ufunguo mmoja, kesho wa pili, keshokutwa wanakupa mkono wa kwaheri. Safari hii hakutaka kungoja mkono wa kwaheri. Alizima kompyuta, akaifunga ndani ya kitenge, kikwembe cha Rachelle, akavuka barabara.

Ng'ambo ya barabara alikaa Mama Mignonne, mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari. Alikuwa uani anaanua nguo kabla malori hayajazipaka rangi nyingine.

"Karibu, Tata! Juu ya nini unabeba mashini mu kikwembe sawa mutoto?"

"Nakuletea. Peana ku masomo, batoto bajifunze. Mi balisha kunifukuza."

"Nani alikufukuza?"

"Bale ba dawa ya malaria. Zamani balikuwa banatuma kazi mingi. Sasa paka moja tu kwa siku. Na zile nilifanya, banasema zilichelewa." Alikaza fundo la kikwembe. "Mi ni muzee. Balishayua."

Mama Mignonne aliweka nguo chini. "Ikala mbele, Tata. Tuangalie."

Kwake kulikuwa na paneli ya jua na betri kubwa, kwa hiyo waliwasha mashine bila kungoja umeme. Mama Mignonne alisoma foleni toka juu hadi chini. Alipiga mluzi mdogo.

"Tata, hii akiba yote ni ya nini? Ulitia siku ngapi?"

"Kumi," alijibu yule mtunza ghala. "Magasin haiwezi kukaa mutupu."

"Na umeme, courant, kwako inakuyaka saa ngapi kwa siku?"

"Siku ya muzuri, kutoka asubui mpaka midi, saa sita. Siku ingine hakuna."

"Njo maana. Ile wakati ulijaza, courant ilikuwa muzuri. Programme ilizani mashini yako itatumika siku muzima, ikakupatia bintu mingi. Kiisha courant ikapotea. Hakuna mutu alikufukuza. Kila kazi iko na tarehe yake ya mwisho. Ona hapa."

Tata Tshimanga alivaa miwani. Kweli, kila kipande kilikuwa na tarehe kando yake. Siku zote aliiona tarehe ile, akadhani ni ya siku kipande kilipoingia, kama yalivyoandikwa magunia ya ghalani.

"Hii kazi haiko sawa unga, Tata," Mama Mignonne alisema. "Unga utatia mu gunia, itakungojea. Hii iko sawa mboga ya sombe yenye imesha kuiva. Ukipika sufuria tatu na uko we peke, mbili zitaharibika."

Tata Tshimanga alivua miwani. Maneno yale, we peke, yalimwuma, ingawa Mama Mignonne hakuyasema kwa ubaya. Akilini aliona meza yake, sahani moja, kijiko kimoja.

"Na ile ya kunipatia moja kwa siku?"

"Programme ya kule njo inafanya vile. Ikiona mashini inachelewesha, inapunguza kidogo. Ukirudisha majibu ya muzuri, itaongeza tena. Hakuna mutu anakasirika."

"Lakini niliharibu kazi yao."

"Haikuharibika. Inatumwa kwa mutu mwingine. Paka kungojea njo kunakuwa murefu." Mama Mignonne alifungua ukurasa mwingine. "Sasa ona hii. Kipande kimoja banatumaka ku bamashini mbili. Majibu ikiwa sawa, banakubali."

"Habatuamini?"

"Habaamini mashini yoyote, Tata, hata yangu. Mashini inakosaka. Ona, hapa ni yako, inasema ingali inatumika. Na hii ya chini ni ya mwenzako. Ye alimaliza zamani. Anakungojea."

Tata Tshimanga aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Ananingojea mi?"

"We. Jibu yake haiwezi kukubaliwa mpaka yako ifike."

"Ni nani?"

"Siyue. Banaandika paka namba ya mashini."

Tata Tshimanga aliitazama ile namba kwa muda. Miezi yote ile alidhani anafanya kazi na kuta nne. Kumbe kulikuwa na mtu, labda Angola, labda mbali kuliko Angola, aliyemaliza sehemu yake na sasa anafungua mashine yake na kukuta jibu halijaja. Aliona aibu. Na pamoja na aibu aliona furaha ambayo hakuitegemea. Mahali fulani duniani kulikuwa na mtu anayemngoja yeye, Tshimanga.

"Tarehe yake inaisha siku gani?"

"Alhamisi."

"Basi mashini haiende ku masomo," alisema, akavua koti lake.

Walifanya kazi pamoja. Kwanza walifunga mlango: programu isipokee vipande vipya mpaka foleni ipungue. Kisha walirudisha vipande ambavyo havijaanza. Hapo Tata Tshimanga aliguna kama mtu anayeng'olewa jino.

"Kurudisha bintu zenye hazijafunguliwa! Ku magasin bangenicheka."

"Bangekucheka. Lakini zikirudi leo, mutu mwingine ataanza leo. Zikibakia kwako, zitakufa kwako."

Alibonyeza mwenyewe, kipande kwa kipande. Kilibaki kile kimoja kirefu, kile cha mtu anayengoja, nacho kilikuwa hakijafika nusu.

Mashine ilibaki kwa Mama Mignonne, kwenye betri. Tata Tshimanga alikuja kila siku, akakaa sebuleni kwao na kuitazama ikipiga hesabu. Jumatano wingu zito lilifunika mji na jua likakataa kutoka. Betri ikaanza kushuka. Mama Mignonne alizima televisheni katikati ya mchezo wa mpira. Mume wake, Kazadi, dereva wa njia ya Dilolo, alikuwa nyumbani siku hiyo, na hakufurahi hata kidogo.

"Mama! Na mpira?"

"Mpira batakusimulia kesho. Kuko mutu anangojea."

Kazadi alimtazama yule mzee aliyekaa mbele ya mashine, mikono kwenye magoti. Akaenda kukaa uani.

Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, kipande kilimalizika. Jibu liliondoka. Mama Mignonne alifungua ule ukurasa, akangoja kidogo, akaufungua tena. Mistari yote miwili sasa ilikuwa imeandikwa neno moja: kimekubaliwa. Cha Tata Tshimanga, na cha yule mwingine.

Tata Tshimanga alitoa leso akajifuta macho. Alisema ni vumbi. Mama Mignonne alikubali kwamba ni vumbi.

Mashine ilirudi nyumbani, na mambo yalibadilika. Akiba sasa ni ya siku moja tu, kwa sababu hicho ndicho umeme wa mtaa wao unachoweza. Vipande ni vifupi. Kifupi kinamalizika kabla umeme haujaondoka, na ukiondoka ghafla, hasara ni ndogo. Programu wameiambia ihifadhi hesabu mara kwa mara. Na kila asubuhi, baada ya vumbi, Tata Tshimanga anasoma tarehe za mwisho. Kinachokaribia kuisha ndicho kinachotangulia. Siku ambazo mtandao hakuna, foleni inakwisha kabisa na mashine inapumzika. Mwanzoni hali hiyo ilimnyima raha. Sasa anakwenda kusalimia watu.

Majibu mazuri yalipoanza kufika kwa wakati, wale wataalamu waliongeza vipande kidogo kidogo, kama Mama Mignonne alivyosema. Maneno mekundu hayajaonekana tena. Gracien alipopiga simu toka Kisenge, baba yake alimweleza habari za foleni kwa kirefu mpaka Gracien ndiye aliyeomba kuaga.

Lakini nyumba bado ina mtu mmoja, na mashine haipiki chai. Jioni moja Mama Mignonne alipita kumjulia hali. Alimkuta amekaa mbele ya ule ukurasa wa mistari miwili.

"Kuko matatizo, Tata?"

"Hakuna. Mi nilimaliza yangu tangu juzi. Mwenzangu njo hajatuma."

Mama Mignonne alisoma. "Huyu anaweza kuchelewa. Tarehe ikipita, batampatia mutu mwingine. Usihangaike juu ya ile. Tuangalie ingine."

"Apana, leka," alisema Tata Tshimanga. "Labda kwao courant ilienda. Labda iko na matanga." Alifuta kioo kwa kitambaa. "Unayua, Mama, tangu Rachelle alikwenda, sikukuwa na mutu ya kungojea. Asubui, jioni, hakuna mwenye atakuya. Leka mi namungojea huyu kidogo."

Mama Mignonne alivuta kiti cha pili, akakaa.