Mstari Mweupe wa Pantoni

Kila asubuhi, kabla ya kunywa uji, Mzee Mhina aliteremka mtoni kuitazama pantoni. Aliiita pantoni yake, ingawa ilikuwa ya kijiji. Alikuwa ameivuta kwa miaka kumi na saba.

Pantoni ile ilikuwa jukwaa la mbao lililofungwa juu ya mapipa kumi na mawili ya chuma. Waya mnene ulivutwa kutoka ukingo mmoja wa mto hadi mwingine. Mhina aliushika waya kwa mikono, akatembea kurudi nyuma juu ya mbao, na pantoni ikasogea mbele. Upande wa kijiji ni Handeni. Ng'ambo ni Korogwe. Mto wenyewe ni Pangani, lakini wazee wa pale huuita Ruvu.

Zamani pantoni ilivusha wakata mkonge. Shamba la mkonge lilipofungwa, ikaachiwa wanakijiji. Mwaka 1974 watu wa vitongoji vingi walihamia kijiji cha ujamaa cha Kwamng'ongo. Shule ilijengwa. Darasa la watu wazima likaanza. Kaya arobaini zikawa mia mbili. Pantoni ilibaki moja.

Kwenye mapipa ya pembeni palikuwa na mstari mweupe wa rangi. Fundi wa shamba la mkonge ndiye aliyeuchora, pantoni ikiwa mpya. Alimwambia Mhina maneno mawili: "Watu ishirini, na maji yasifunike mstari." Kisha akaenda zake. Mhina aliyashika maneno hayo kama sala.

Kila mwaka rangi ilififia. Kila mwaka, mwezi wa kwanza, Mhina aliichora upya. Alipakia watu ishirini, akatazama maji yamefika wapi, akachora mstari hapo.

Mke wake, Chausiku, alikuwa mwanafunzi wa darasa la watu wazima. Alikuwa amejifunza kusoma, na sasa walikuwa wanafundishwa kupima kwa rula. Siku moja alikuwa akiosha vyungu karibu na pantoni. Akatoa rula kwenye mkoba wake wa ukindu.

"Baba Zamda," akaita, "hivi mstari huu unahama?"

"Uhame uende wapi? Una miguu?"

"Nyuma ya rangi mpya naona rangi ya zamani. Iko chini. Na chini yake kuna nyingine. Nimepima. Umepanda zaidi ya shibiri."

Mhina akacheka. "Mwalimu wako kakupa rula, sasa unapima hata mto! Mstari ni alama ya watu ishirini. Watu ishirini wakifika hapo, nachora hapo. Ningechora wapi tena?"

Chausiku aliitazama rula, akamtazama mumewe. Akairudisha kwenye mkoba. Vyungu vilikuwa vinamsubiri.

Jirani yao aliitwa Laurenti. Baba yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge, na Laurenti mwenyewe alifanya kazi katika karakana ya shamba kwa miaka mingi. Alijua chuma kama mkulima anavyojua jembe. Lakini Laurenti alikuwa Mnyamwezi, na Mhina alikuwa Mzigua. Wanyamwezi na Wazigua ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, nawe utacheka. Kwa hiyo kila neno la Laurenti pale kijijini lilikuwa la kuchekwa.

"Mtani," Laurenti alisema asubuhi moja, "pantoni yako inakunywa maji."

"Afadhali inakunywa maji," Mhina akajibu. "Wewe unakunywa nini?"

Watu waliokuwa wakisubiri kuvuka waliangua kicheko.

"Sikiliza. Gonga lile pipa la pembeni. Halilii. Limeoza ndani."

"Hata kichwa cha Mnyamwezi nikikigonga hakilii," akasema mzee Mbaruku. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Laurenti naye akacheka. Ilikuwa vigumu asicheke. Akaenda shambani kwake, na habari ya pipa ikaishia hapo.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekatika. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Serikali ikaleta mahindi ya njano, yale watu waliyoyabatiza jina la yanga. Yaligawiwa ng'ambo, kwenye duka la ushirika, kila Alhamisi. Kwa hiyo kila Alhamisi kijiji kizima kilitaka kuvuka. Wanawake waliondoka alfajiri na vikapu vitupu. Walirudi na mahindi kichwani, na ya akiba wakayafunga mgongoni kwa khanga, kama mtoto.

Kisha masika yakaja kwa hasira, kama yanalipiza kisasi. Ruvu ikajaa. Maji yakawa mekundu, yakabeba magogo.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne, saa tisa alasiri, watu walijaa ukingo wa Korogwe wakitaka kurudi nyumbani. Watoto walikuwa hawajala tangu jana yake. Mhina alihesabu watu ishirini na wawili, na kila mmoja ana mzigo. Akainama kutazama mapipa. Maji yalikuwa yamegusa mstari mweupe. Hayakuufunika.

"Mstari bado unaonekana," akatangaza. "Tutafika."

Laurenti alikuwa mmoja wao. Alitazama mapipa, akaweka kikapu chake chini. Kisha akajilaza chali mbele ya pantoni, pale watu wanapopandia.

"Hamwondoki!" akapiga kelele. "Nusu yenu shukeni! Mtani, hiki chuma kimekwisha!"

Sasa, watu wa pale wanajua jambo moja kuhusu watani. Mtu akifa, mtani wake huja msibani kuchekesha wafiwa. Hujilaza njiani, akazuia jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Basi watu walipomwona Laurenti amelala chali kwenye tope, walikumbuka misiba.

"Nani kafa?" Mbaruku akauliza. "Mpeni punje za yanga ainuke!"

Mwanamke mmoja akamrushia mahindi kifuani. Wengine wawili wakamshika mikono na miguu, wakambeba na kumweka pembeni kwenye majani, wakicheka. Chausiku pekee hakucheka. Alikuwa juu ya pantoni, mahindi mgongoni, amefunga khanga kwa mafundo mawili. Alimtazama Laurenti, akamtazama mumewe.

"Baba Zamda, je, akiwa anasema kweli?"

"Huyo? Lini amewahi kusema kweli?"

Mhina akaushika waya.

Walifika katikati ya mto. Pipa moja la pembeni, upande ule maji yanakotoka, likatoa sauti kama mtu anayemeza. Pantoni ikainama kidogo tu. Lau watu wangetulia walipo, pengine wangefika. Lakini waliogopa, wakakimbilia upande ulioinuka, wote kwa pamoja. Upande huo ukashuka kwa kishindo. Ule mwingine ukapanda juu. Watu, vikapu na mahindi vikamwagika mtoni.

Laurenti alirusha kamba kutoka ukingoni, akaokoa watu sita. Wengi waliushika waya. Wengine waliogelea. Mbaruku hakuonekana tena. Chausiku alionekana mara mbili. Mara ya kwanza mikono yake ilikuwa mgongoni, inatafuta fundo la khanga. Mara ya pili pia.

Walimkuta kesho yake chini ya kona ya pili ya mto. Mahindi yalikuwa bado mgongoni. Yalikuwa yamelowa na kuvimba.

Alizikwa siku ileile. Jeneza lilipotoka nyumbani, wabebaji walipunguza mwendo walipokaribia njia panda. Walikuwa wanamsubiri mtani. Laurenti alikuwa amesimama pale. Hakulala njiani. Hakuvaa nguo ya marehemu wala kumwigiza anavyotembea, kama watani wafanyavyo msibani. Alikuja akaingiza bega lake chini ya jeneza, akabeba kama wengine, kimya, hadi kaburini. Kimya kile kiliwaumiza watu kuliko kilio.

Siku ya tatu baada ya maziko, Mhina alimfuata Laurenti nyumbani kwake. Binti yake, Zamda, alikuwa amekataa kumpa hata maji ya kunawa.

"Mtani," Mhina akasema, "niambie. Mstari ulikuwa unaonekana. Nilikosea wapi?"

Laurenti alichukua panga, wakaenda mtoni. Pantoni ilikuwa imevutwa nchi kavu, imelala kiubavu. Laurenti akakwangua rangi ya pipa kwa panga, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Chini ya mstari ulitokea mstari mwingine. Chini ya huo, mwingine. Ilitokea kumi na saba, kama ngazi. Ule wa kwanza ulikuwa chini kabisa.

"Huu hapa ni wa fundi wetu," Laurenti akasema. "Mingine yote ni yako."

"Nilichora palipofika watu ishirini."

"Ndiyo. Lakini fundi hakuchora mstari ili uhesabu watu. Aliuchora kuonyesha mwisho wa usalama. Tazama. Pantoni ikiwa mpya, pipa ni tupu, ndani kuna hewa, na hewa ndiyo inayokubeba. Pantoni ikizeeka, chuma kinatoboka, maji yanaingia. Mbao nazo zinanyonya maji, zinakuwa nzito. Watu ishirini ni walewale, lakini pantoni imezama zaidi. Inakuambia: mimi nimechoka, nipunguzie. Wewe ulipaswa kuuacha mstari palepale na kupunguza watu. Badala yake ulipandisha mstari."

Mhina alikaa chini kwenye tope. "Chausiku alipima kwa rula," akasema. "Aliniambia. Nikamcheka."

"Na mimi nilikuambia."

"Na wewe nilikucheka."

"Hata mimi nilicheka, siku ile ya kwanza," Laurenti akasema. "Hilo nalo linaninyima usingizi. Mtu mwenye neno la uhai na kifo asicheke."

Akaokota jiwe, akagonga pipa moja baada ya jingine. "Sikia. Pipa zima hulia kama ngoma. Pipa lenye maji halilii." Mapipa saba yalilia. Matano hayakulia.

Wiki ile mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Sadala, aliitisha mkutano. Afisa alitoka wilayani. Alisema pantoni mpya itatengenezwa, na ile ya zamani itatolewa mtoni kabla ya mvua za vuli. "Lakini mpaka siku hiyo mtavukaje?" akauliza. "Chakula kiko ng'ambo."

Watu walimtazama Mhina kwa jicho baya. Ndipo Laurenti akasimama, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Waliyatoa mapipa mabovu, wakaifanya pantoni kuwa ndogo. Mstari wa rangi ukafutwa. Kwenye kila pembe kikapigiliwa kipande cha chuma, chini kuliko mstari wa zamani, maji yasikifikie, na ikakubaliwa kuwa hakuna mtu atakayekihamisha peke yake. Mapipa yatagongwa kila Jumatano. Watavuka watu kumi, si zaidi. Mizigo itavuka safari yake, watu safari yao, na hakuna atakayefunga kitu mwilini akiwa juu ya maji. Pantoni ikiinama, kila mtu akae palepale alipo.

"Na nani ataivuta?" Sadala akauliza.

"Si mimi," akasema Mhina. "Niondoeni."

"Avute yeye," akasema Laurenti. "Kazi sasa si kuvuta. Kazi ni kukataa watu. Hapa kijijini nani atakataa kama yeye?"

Alhamisi iliyofuata, ukingo wa Korogwe, foleni ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu. Jua lilikuwa kali, na watu walikuwa na njaa. Mhina alihesabu kwa sauti. "Nane. Tisa. Kumi. Basi."

Wa kumi na moja alikuwa Zamda.

"Baba," akasema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu msiba. "Wanangu wako nyumbani peke yao. Nafasi ya mtu mmoja tu."

"Subiri safari ya pili."

"Safari ya pili ni ya mizigo!"

"Basi subiri ya tatu."

Watu walianza kunung'unika. "Mzee, mpakie mwanao! Mmoja tu, mwembamba huyo!"

Mhina alitazama kipande cha chuma. Kilikuwa juu ya maji kwa upana wa vidole viwili tu. Akatikisa kichwa.

Zamda alilia kwa uchungu. "Mama ulimpakia! Mimi ndiye wa kukataliwa?"

"Ndiyo," Mhina akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama yako nilimpakia."

Akaushika waya, akaanza kutembea kurudi nyuma. Macho ya binti yake yalikuwa mgongoni pake mpaka katikati ya mto.

Aliwafikisha kumi. Akarudi, akavusha mizigo. Akarudi tena. Alifanya hivyo Alhamisi zote zilizofuata, na kuanzia siku ile mpaka mwezi wa kumi, pantoni ile ilipotolewa mtoni kwa mara ya mwisho, Ruvu haikuchukua mtu mwingine wa Kwamng'ongo. Watu waliomtukana asubuhi walifika kwao jioni, wakawapikia watoto.

Safari ya tatu siku ile, Zamda alipanda bila kumwamkia. Alisimama pembeni, mgongo wake mtupu, akimpa baba yake kisogo. Mhina hakumwita. Alimhesabu kama alivyowahesabu wengine, kwa sauti, ili kila mtu asikie, kisha akaanza kuvuta.