Programu Mbili, Mlango Mmoja

Asubuhi, ukungu ulilala juu ya ziwa mpaka jua likapanda. Katika mtaa wa Songo, mjini Uvira, Consolate alipika uji. Alimmiminia mumewe, Frédéric. Akajaza kikombe cha pili, kisha akaurudisha uji sufuriani. Mkono wake ulikuwa umesahau tena.

Kikombe cha pili kilikuwa cha Chance, binti yao wa miaka sita, aliyekuwa na mapengo ya meno ya mbele. Miezi minane ilikuwa imepita tangu vita vifike kijijini kwao, Katogota. Siku ile walikimbia kupitia mashamba ya mpunga, wameshikana mikono. Katika msongamano wa watu, mkono mmoja mdogo ukaachia. Tangu hapo Consolate alitembea kama mtu aliye usingizini. Kelele za soko alizisikia kwa mbali, kama zinatoka chini ya maji.

Frédéric alikuwa mwalimu. Huko Uvira alijitolea katika ukumbi wa parokia, akiandika kwenye kompyuta majina ya watu waliopotezana. Majina yalikaa katika hifadhidata, yaani daftari kubwa ndani ya kompyuta. Daftari hilo huweza kutafuta jina moja kati ya maelfu.

Siku hiyo majina mapya yalifika kutoka kambi za ng'ambo ya Ruzizi. Yaliletwa ndani ya kle, kile kidude kidogo cha kubebea faili. Lakini ili kuyafungua, ilihitajika programu mpya ya hifadhidata.

Saa nne Consolate alipita ukumbini, karibu na soko. Alimkuta mumewe ameshika kichwa.

"Iko nini, Baba Chance?"

"Nimeweka programu mpya mara tatu. Inakataa kuwaka. Sasa ninafuta zote, ya zamani na mpya, nianze upya."

"Usifute, Mwalimu!"

Aliyesema ni Louise, jirani yao. Alifundisha kompyuta katika shule ya sekondari, na alikuwa amekuja kuandikisha jina la shangazi yake aliyepotea.

"Majina ya watu wote iko ndani ya ile ya zamani," Louise alisema. "Ukifuta bila kopi, tutawapoteza mara ya pili."

Frédéric aliondoa mkono kwenye kompyuta, taratibu.

"Machini hii inakuandikia nini ikikataa?" Louise aliuliza.

"Sijui. Miye ninafunga tu yale maneno."

"Basi tusome."

Waliiwasha programu mpya tena. Maneno yakatokea: *Mlango unatumika tayari.*

"Umeona?" Louise alisema. "Programu ya namna hii hupokea kazi kupitia mlango wenye namba. Ile ya zamani inajiwasha yenyewe kila asubuhi na kushika mlango. Mpya inataka mlango uleule. Programu mbili haziwezi kuushika pamoja. Hata weye uiweke mara kumi, itakataa."

"Kwa hiyo tufanye nini?"

"Kwanza kopi."

Walitoa kopi ya majina yote, wakaiweka kwenye kle nyingine. Louise akaifungua katika kompyuta yake mwenyewe. "Kopi ambayo hujaifungua, usiiamini," alisema. Majina yote yalikuwemo.

Kisha wakaizima programu ya zamani, bila kuifuta. Wakaiwasha mpya. Safari hii iliwaka. Wakaingiza humo majina ya kwenye kopi, halafu majina ya kambini. Walipohakikisha hakuna lililopungua, ndipo wakaiondoa ya zamani. Frédéric aliandika hatua zote kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Juu kabisa aliandika: *Soma kwanza. Toa kopi. Usifute kwa hasira.*

Consolate alikuwa bado amesimama. "Mutafute," alisema kwa sauti ndogo.

Frédéric aliandika: Chance. Hakuna.

Consolate aliuona ukumbi kama unakwenda mbali naye. Lakini Louise alisema, "Kule kambini mtoto hujitaja kwa mdomo. Mwandishi huandika anavyosikia. Tafuta kwa jina la mama, na kijiji."

Frédéric aliandika: Consolate. Katogota.

Mstari mmoja ulitokea. *Shansi. Msichana. Miaka saba. Mama: Consolate. Kijiji: Katogota.* Chini yake kulikuwa na namba ya simu ya mhudumu wa kambi.

"Saba," Consolate alisema. "Ni kweli. Ametimiza saba."

Frédéric alipiga simu. Mhudumu aliuliza jina la baba, jina la bibi, na alama iliyo kwenye goti la mtoto. Majibu yote yalilingana. Akasema, "Ngojeni." Walisikia hatua zake, kuku, watoto wanaocheza. Consolate aliichukua simu na kuishika kwa mikono miwili. Kelele za soko zilimrudia masikioni, karibu kabisa.

"Mama?" sauti ndogo ilisema. "Mama, meno yangu ya mbele yaliota."