Ufunguo wa Bomba la Uani

Mama Dobi alikuwa ameshaloweka mashuka ya nyumba ya wageni. Mabeseni matatu yalijaa povu. Akaenda uani kuchota maji ya kusuuzia, akakuta bomba limepigwa kufuli.

Kando yake alikaa mwenyekiti wa wapangaji, miguu juu ya ndoo, ufunguo shingoni. Nyumba nzima ilimwita Bwana Bomba.

"Kaka, nifungulie. Mashuka yanatakiwa leo, la sivyo kazi wanampa mwingine."

"Kufua nguo za biashara hapa ni marufuku."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Nani kapitisha?"

"Mimi."

Mama Dobi akashika kiuno. "Na masufuria ya mgahawa wa mkeo, yaliyooshwa hapa sasa hivi?"

"Hayo nimeamua si biashara. Na wewe kwa ubishi wako, nakufungia wiki nzima. Hukuridhika, kata rufaa."

"Kwa nani?"

"Kwangu!" Akacheka mpaka kiti kikalia.

Jamani! Kuonewa ni kubaya, lakini kuonewa huku unachekwa! Mama Dobi alirudi mlangoni kwake, akabamiza beseni. Jirani yake, mwalimu wa elimu ya watu wazima, akatoka kuuliza kulikoni. Akasimuliwa yote.

"Dada, kosa hili ni letu pia," alisema Mwalimu.

"Letu? Mimi nimekosa nini?"

"Bomba lilipokufa, yeye ndiye aliyehangaika mpaka likatoa maji. Kwa furaha tukamwambia: panga sheria wewe, shika ufunguo wewe, amua kesi wewe."

"Shukrani ya punda mateke!"

"Hata wafalme wa Ulaya zamani walikuwa hivyo. Mfalme anatunga sheria, anakamata watu, anawahukumu. Miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, wanafalsafa wakahoji. Walikuwa watu wa kufikiri sana. Wengine wakasema mamlaka hutoka kwa watu, na serikali ikiwadhulumu wana haki ya kuiondoa. Wengine wakasema madaraka yagawanywe. Bunge litunge sheria, serikali izitekeleze, mahakama iamue kesi. Kila upande uzuie mwingine usivuke mpaka."

"Hata kama kiongozi ni mtu mwema?"

"Hasa huyo. Tukimpenda mtu, tunasahau kumwangalia."

Mama Dobi hakungoja zaidi. Alipiga hodi mlango kwa mlango. Kumbe kila mpangaji alikuwa na dukuduku lake! Kabla ya adhuhuri walikuwa wamejaa uani.

"Watovu wa shukrani!" Bwana Bomba alifoka. "Nani aliwafufulia bomba hili?"

"Wewe, na ahsante," Mama Dobi alimjibu. "Lakini ulitengeneza bomba, hukununua shingo zetu!"

Watu wakapiga makofi. Wakakubaliana kwamba sheria zitapitishwa na mkutano wa wapangaji wote. Ufunguo utashikwa kwa zamu. Ugomvi utaamuliwa na watu watatu wasioshika ufunguo. Ile marufuku ikafutwa papo hapo, na zamu ya kwanza akapewa Mama Dobi. Mashuka yakasuuzwa, yakaanikwa, na jioni yakafika nyumba ya wageni. Pindo zilikuwa bado na unyevu kidogo, lakini yalipokelewa na kazi hakuipoteza.

Kesho yake asubuhi Bwana Bomba alikuja na ndoo, macho chini.

Hasira ilimpanda Mama Dobi upya. Akaufumbata ufunguo. "Uliniambia wiki, sivyo? Basi mimi nakufungia mwezi!"

Mwalimu akakohoa dirishani. "Dada, ufunguo unao. Hukumu huna."

Mama Dobi alisonya msonyo mrefu. Kisha akainama, akafungua kufuli.

"Chota," alisema. "Na ushukuru tuligawana madaraka. Ningekuwa na yote mimi, leo ungenitambua!"